Usingizi wa Kuazima

“Mwenzangu, umesikia? Mama Winchi kajifungua.”

Muuza mkaa aliyasema hayo akiwa amechuchumaa kwenye bomba la uani, mikono myeusi hadi viwikoni, kwa ile sauti ya mtu anayenong'ona ili asikike mbali. Wanawake wawili waliokuwa wakisuuza nguo wakaacha kusuuza.

“Mama Winchi yupi?”

“Kwani tunao wangapi? Huyu huyu wa chumba cha mwisho. Na mvi zake zile! Mashine ya kazini kwao imemuumbua. Imesema usiku anaamka kunyonyesha.”

“Toka hapa! Mashine itajuaje?”

“Si ile pingu waliyomvisha mkononi? Inasikiliza moyo ile. Moyo wako ukishasema una mtoto, wewe utakataa kwa mdomo gani?”

“Na tumbo lilikuwa wapi?”

“Chini ya lile ovaroli unaficha pipa, seuze mimba. Lisemwalo lipo, mama we. Usiku mle chumbani si huwa tunasikia sauti? Mara kilio, mara kubembelezana. Mimi nikadhani pombe. Kumbe mtu ana kichanga chake, kakifungia ndani.”

Wakacheka hadi povu likamwagika.

Nyuma yao alikuwa amesimama Mama Kichanga, beseni la nepi kiunoni na mwanawe mgongoni. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote pale uani, na jina hilo walimpa wao, kwa kuwa mtoto alikuwa wa kwanza na bado hajajua kukaa. Yeye hakucheka. Uso ulimwaka kama mtu aliyeinamia jiko. Maana moyo uliosikilizwa na mashine haukuwa wa Mama Winchi. Ulikuwa wake.

“Na wewe, si mmepakana ukuta kwa ukuta?” muuza mkaa akamgeukia. “Hujasikia kitu?”

“Mimi nikilala nimelala,” akajibu.

Uongo. Na ni uongo huohuo uliowafikisha hapo.

Mama Winchi hakuwahi kuitwa mama na mtoto wa kumzaa. Jina alipewa kiwandani. Ni kiwanda cha nondo, na chini ya paa lake pana kibanda cha vioo kinachotembea juu ya reli, na ndani ya kibanda hicho ndimo alimokaa yeye, mikono kwenye vishikio, akinyanyua mafungu ya nondo kutoka mwisho huu wa jengo na kuyashusha kwenye malori mwisho ule. Wanaume walisimama chini yake, wakifunga minyororo na kumpungia mikono: pandisha, shusha, simama. Mwanamke wa kwanza kupanda ngazi ile alikuwa yeye, na hata sasa yuko peke yake. Akivuka uani asubuhi na ovaroli lake lililopigwa pasi, hata muuza mkaa alikuwa akiondoa magunia njiani.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini siku uchungu ulipomshika Mama Kichanga, mumewe akiwa kazini, ni Mama Winchi aliyebeba mfuko, akasimamisha gari, akakaa kwenye benchi la hospitali hajabadilisha hata viatu vya kazi. Nesi alipotoka na kuuliza, “Mama yake huyu yuko wapi?” mwanamke yule aliinuka akasema, “Mimi hapa.” Mama Kichanga, aliyemzika mama yake zamani, alimsikia kupitia pazia. Alilia, wakadhani ni maumivu.

Kwa hiyo siku Mama Winchi alipomwita pembeni, Mama Kichanga alikwisha kubali kabla hajajua anaombwa nini.

“Unauona huu?” Mama Winchi alikuwa amevua mkanda mweusi mkononi, mwepesi kama wa saa lakini hauna saa. “Wametuletea watu wa vipimo. Wanataka kujua nani analala na nani halali. Mchana wanatubandika vitu viganjani, wanatuwashia kitaa chekundu, ukikiona unabonyeza kitufe. Huko kibandani kuna jicho la mashine linaangalia kope zangu. Usiku tunalala na huu mkanda. Unahesabu moyo, unahesabu na kujigeuza kwako.”

“Kwa nini?”

“Wao wanasema kwa usalama wetu. Asiyelala mwili wake husema kabla ya mdomo, ndivyo alivyotueleza yule dada wa vipimo. Moyo unakwenda vingine, kope zinazama, kidole kinachelewa kwenye kitufe. Wanasema atakayeonekana amechoka atasaidiwa.” Akacheka kidogo bila furaha. “Nimefanya kazi miaka mingi, mwanangu. Msaada naujua. Nitapewa ufagio.”

“Na wewe hulali?”

“Uzee,” akasema haraka. “Uzee tu. Ila wewe bwana, wewe Mungu kakujalia. Kila nikipita nakuona pale barazani, mtoto kifuani, kichwa ukutani, mdomo wazi. Hata kuku wakipigana huamki. Nilalie huu mkanda. Jioni nakupa kwa dirishani, asubuhi unanirudishia. Tukifika mwisho wa vipimo, basi.”

Hapo ndipo Mama Kichanga alipotakiwa kusema. Alitakiwa kusema: mama, mimi nalala barazani mchana kwa sababu usiku silali. Mwanangu halali. Nikimweka analia, nikimbeba analia, akinyonya anasinzia, nikimtoa anaamka. Lakini mama mkwe wake alikwisha tamka mbele ya watu kwamba mtoto akilia usiku ujue mama hamjui mwanawe, na tangu siku hiyo Mama Kichanga alikuwa akimziba mwanawe kwa titi kabla kilio hakijatoka nje ya neti. Uani pote walimsifu: kitoto kitulivu, mama yake fundi. Sifa ile ndiyo iliyokuwa nguo yake pekee nzuri. Angeivua vipi?

“Haya,” akasema. “Mimi nikilala nimelala.”

Basi akawa anauvaa, mumewe akishapitiwa na usingizi. Akiamka kunyonyesha anaukunjia kwenye mkono wa nguo, kana kwamba mashine ni mgeni na ukiifunika haioni. Alijaribu kunyonyesha bila kutikisika. Alijaribu hata kupumua polepole. Moyo nao, kadiri anavyouambia utulie, ndivyo unavyopiga kama mgeni mlangoni. Asubuhi anaukunja mkanda kwenye kitambaa, anaupitisha dirishani, na mkono wa Mama Winchi unaupokea. Ni mkono huo alioanza kuutazama.

Yeye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini mtu anayelea mtoto asiyesema hujifunza kusoma vidole na kope. Aliona mkono ule ukifika dirishani umekosea nafasi, ukapapasa hewa kwanza. Aliona Mama Winchi akimimina chai nje ya kikombe na kuendelea kumimina. Aliona akifunga kufuli la mlango wake, anaondoka, anarudi kulijaribu, anaondoka, anarudi tena. Akawaza, uzee huu una haraka. Hakuwaza zaidi ya hapo. Jambo linaweza kukaa chini ya pua yako ukaliruka kila siku kama kizingiti.

Maana mumewe naye alikuwa mfunga minyororo katika kiwanda hichohicho. Alijua mumewe yuko chini. Alijua Mama Winchi yuko juu. Lakini akilini mwake wawili hao walikuwa hawajawahi kukutana mahali pamoja, mmoja chini ya mzigo wa mwingine.

Mpaka jana, mume alipoingia mapema, akaketi kwenye kitanda na kumwekea mkewe bakuli lake la chakula mapajani. Lilikuwa bakuli la bati lenye mfuniko, alilompakulia yeye mwenyewe asubuhi. Sasa lilikuwa bapa kama bahasha.

“Nini hiki?”

“Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa.” Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake akiogopa. “Nikainuka kwenda kunywa maji. Kiu imeniokoa, mke wangu. Usiniulize tena kwa nini nakunywa maji mengi.”

“Mzigo ulianguka?”

“Ungeanguka ningesema ni mnyororo. Haukuanguka. Ulishuka, taratibu, kama lifti. Mimi narudi naona unashukia kwenye benchi letu, wenzangu wanaruka huku na huku. Napunga mkono: simama! Napunga yote miwili. Na yule mama ananiangalia. Macho yamemtoka, wazi kabisa. Na mzigo unashuka. Alikuwa amelala kama samaki, macho wazi.” Akalichukua bakuli, akaligeuza. “Wanasema tusimseme vibaya, vipimo vyake vya usiku vinasomwa kesho. Labda ni mgonjwa. Mbona umekaa chini?”

Mama Kichanga alikuwa amekaa sakafuni bila kujua. Jioni ileile mkanda ungepitishwa tena dirishani. Akasema kizunguzungu. Mume akamletea maji, akambebea mtoto, akamwambia alale. Na wema ule ulimuuma kuliko kofi. Alitaka kumwambia. Angesemaje? Kwamba alikuwa akimtolea ushahidi wa uongo mtu anayening'iniza chuma juu ya kichwa cha mumewe, na hata uongo wenyewe hakuuweza?

Na leo ndiyo hayo ya bombani. Muuza mkaa alikuwa na mkwe wake kiwandani, aliyesimama kwenye foleni ya vipimo na masikio yake yote mawili, na habari aliileta nzima nzima, imekaangwa na kuongezwa chumvi.

Ilikuwa hivi. Dada wa vipimo alifungua mchoro wa usiku wa Mama Winchi kwenye kompyuta, akakunja uso. Akarudisha nyuma, akatazama usiku mwingine, na mwingine. Kisha akatabasamu, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, una mtoto mchanga nyumbani?” Yule dada akaendelea, hakuwa na nia mbaya, “Mimi mwenyewe nina mdogo, huu mchoro naujua. Unaamka, mkono mmoja unatulia kabisa muda mrefu, moyo unashuka, unalala, unaamshwa tena. Usiku kucha. Mtu mwenye usingizi wa hivi hawezi kukaa kwenye winchi.” Sauti ilikuwa ndogo, lakini mlango ulikuwa wazi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akapaza, “Hongera, bibi! Wa kike au wa kiume?” Mwingine akasema amwombe msimamizi likizo ya uzazi. Na Mama Winchi, ambaye aliwahi kuachwa na mume kwa kukosa huohuo uzazi, na uani pote walilijua hilo, aliinuka, akafunga vifungo vya ovaroli hadi shingoni, akapita katikati yao.

“Mficha uchi hazai,” muuza mkaa akamalizia, akijifutia machozi ya kucheka kwa bega. “Sasa huyu kaficha, na kazaa!”

Mama Kichanga akatua beseni. Nepi zikabaki hazijasuuzwa. Akavuka ua, macho ya watu mgongoni pamoja na mtoto, akagonga mlango wa chumba cha mwisho.

Mlango ulifunguka kadiri ya upana wa uso. Mama Winchi bado alikuwa na ovaroli. Macho yalikuwa mekundu, na kope moja ilikuwa ikicheza peke yake kama inayovutwa na uzi.

“Kama ni mkanda, wameuchukua.”

“Sikufuata mkanda. Nimekuja kuomba radhi, mama.”

“Radhi ya nini? Mimi ndiye niliyekutia katika haya.”

“Nilikudanganya. Mimi silali. Tangu nijifungue sijui usingizi una rangi gani. Yote yale aliyoyasema yule dada ni mimi. Nilikuwa naona haya kukwambia.”

Mama Winchi akamtazama, akamtazama mtoto, akarudi kumtazama yeye.

“Lakini barazani…”

“Barazani nalala kwa sababu usiku silali.”

Mama Winchi akatoa mguno ambao siku nyingine ungekuwa kicheko. “Kumbe nilikwenda kukopa unga kwa mwenye njaa. Mwenye mtoto angelijua hilo, eti? Mimi ningelijulia wapi?”

Mama Kichanga akatazama vidole vya miguu yake. Kisha akasema lile alilokuwa amelibeba tangu jana: “Yule aliyekuwa anakupungia mikono…”

“Namjua. Ana kofia aliyoichorea picha ya mtoto kwa chaki. Baba wa huyo.” Akameza mate. “Nilimwona. Usidhani sikumwona. Nilimwona vizuri kama ninavyokuona wewe, nikauambia mkono: vuta. Mkono ukakaa tu, kama wa mtu mwingine aliyekaa karibu yangu. Nilipoamka bakuli lilikuwa limekwisha kuwa karatasi. Nilikuwa nataka kuja kwenu jana. Nilifika hapo kwenye kizingiti chenu, nikamsikia anakuuliza mbona umekaa chini. Nikarudi.”

Ndani, nyuma yake, sauti nyembamba ikaita. “Mwanangu! Mwanangu we!”

Mama Winchi akavuta mlango kuufunga. Akauvuta hadi ukabaki ufa. Kisha, kama mtu aliyechoka kushikilia kitu kizito, akauachia, ukafunguka wenyewe mpaka ukagonga ukuta.

Chumba kilikuwa kisafi kupita kiasi, kile cha kudekiwa kila saa, lakini harufu ya mkojo ilikuwa haijatoka yote. Kwenye godoro chini aliketi ajuza mdogo kama binti wa shule, gauni amelivaa mbele nyuma. Mapajani alikuwa na kitambaa cheupe. Anakikunja, anakipigia pasi kwa kiganja, anakikunjua, anaanza upya. Vidole vyake vilijua kazi ile. Vilikuwa vikifuata pembe za kitambaa bila kukosea hata kidogo.

“Huyo ndiye kichanga wangu,” Mama Winchi akasema.

“Si ulisema mama yako yuko kwa kaka yako?”

“Alikuwako. Wakachoka, wakaniletea mchana mmoja nyinyi mko sokoni. Huko kwao alikuwa akitoka nje hana nguo. Watoto wanamfuata. Mama yangu! Amepiga pasi nguo za watu maisha yake yote, hakuwahi kuvuka mlango na leso yenye mkunjo. Nikasema, hapa uani hawatamwona hivyo. Muuza mkaa hatamwona hivyo.” Akajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli. “Usiku ndipo anapoamka. Ananiuliza mimi ni nani, anataka kwenda kwao. Namshika mpaka kunakucha. Nikienda kazini namfungia kwa kufuli. Namfungia mama yangu kama mbuzi, mwanangu, kwa sababu naona haya. Na nikiwa kule juu, mashine zote zinanguruma, namsikia anagonga mlango.”

Kilio cha usiku. Kubembelezana. Kufuli linalojaribiwa na kujaribiwa tena. Mama Kichanga alikuwa ameyaona yote, akayaita uzee. Aliona haya mpya ikija juu ya ile ya zamani, na hii ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa hakuna aliyemwomba asione.

Bibi kizee akainua macho. Akamwona msichana aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na uso wake wote ukafunguka.

“Mwanangu,” akamwita. “Umerudi. Njoo ukae, nguo zako ziko tayari.”

Mama Winchi akajiegemeza ukutani. Kutoka bombani vicheko vilikuwa vimekoma. Watu walikuwa wakichungulia, muuza mkaa amesimama wima na ndoo yake mkononi. Safari hii mwenye chumba hakuutafuta mlango kwa mkono.

“Kesho yule dada ananingoja,” akasema polepole, akiyachagua maneno kama mtu anayeshuka ngazi gizani. “Kaniuliza ni nani anayeniamsha. Nitamwambia, na nitamwambia kuwa mkanda ulilaliwa na mtu mwingine. Jina lako silitaji. Mumeo nitamfuata mwenyewe, usinitangulie. Kama ni ufagio, nitafagia. Ila nataka nikayaseme nikiwa na akili zangu, si hivi. Nakuomba kitu kimoja, na safari hii ukiwa huwezi useme huwezi.”

“Sema, mama.”

“Kaa hapa na mama yangu, nilale. Mlango uuache wazi. Na akikuita mwanangu, itika.”